Magunia 200 ya njugu: je, kelele za mashabiki hurudisha kipindi kilichokatwa?

Jumamosi moja alasiri nilikuwa katika duka la muvi karibu na steji ya matatu hapa Kisumu, nikingoja flashi yangu ijazwe. Mbele yangu alisimama mwalimu mstaafu ambaye kijana wa duka anamjua vizuri, kwa maana huja kila wiki. Alikuwa amemaliza msimu wa pili wa Sense8. Wolfgang amekamatwa, wenzake wamekutana London kumtafuta, na hadithi imekatika hapo hapo.

"Kijana wangu, nipe msimu wa tatu."

"Hakuna, Mwalimu. Iko hii moja tu ya mwisho, saa mbili na nusu."

"Mbona moja?"

"Ilikatwa. Mashabiki wakalia, wakapewa hiyo."

"Kumbe mtu akilia anapewa."

"Si kila mara. Wewe si ulililia The OA? Imerudi?"

Mwalimu akanyamaza. Mimi nilibaki na maneno hayo njia nzima hadi nyumbani, kwa sababu wote wawili walikuwa na haki. Tamthilia zote mbili zilikuwa za Netflix. Zote zilikatwa mashabiki wakiwa bado na kiu. Watu walitia saini, wakaandika, wakaandamana. Ya kwanza ilipata kipindi kimoja kirefu cha kufunga hadithi, ya pili haikupata kitu. Kama kelele ndiyo dawa, mbona ilimponya mmoja na kumwacha mwenzake?

Jibu huanzia mbali kidogo na mashabiki wenyewe. Sisi watazamaji tunakiona kipindi kuwa kitu kimoja: hadithi, waigizaji, na ile saa ya kukaa sebuleni mkiwa mmenyamaza. Nyuma yake huwa kuna pande mbili ambazo wengi wetu hatuzitenganishi. Kuna kampuni inayokitengeneza na kukimiliki, na kuna stesheni inayokionyesha. Fikiria mwenye shamba na mkodi. Stesheni hukodi kipindi kwa msimu, hulipa ada yake, halafu hurudisha fedha kwa kuuza dakika za matangazo ya magari, sabuni na simu. Tukisikia kipindi kimekatwa, mara nyingi maana yake ni kwamba mkodi amesema hatalima tena mwaka ujao. Shamba bado lina mwenyewe. Mwenyewe anaweza kutafuta mkodi mwingine akiona kuna faida, na anaweza vilevile kuliacha liote magugu. Kuna wakati mkodi na mwenye shamba huwa ni nyumba moja, na hapo mambo hubadilika kabisa, kama tutakavyoona.

Mfano unaotajwa na kila mtu ni Star Trek, na ningependa tukae nao kwa sababu husimuliwa nusu. Mwishoni mwa mwaka 1967 habari zilienea kwamba NBC ya Marekani ilitaka kukikata kipindi hicho baada ya misimu miwili. Mume na mke, John na Bjo Trimble, wakaanzisha kampeni ya barua. Zilikuwa barua za kweli, za stempu na bahasha, na NBC yenyewe ilikiri kupokea zaidi ya 100,000. Januari 1968 wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi ofisi za NBC huko Burbank. Tarehe 1 Machi 1968, kipindi kilipomalizika usiku ule, sauti ya mtangazaji iliwaambia watazamaji kwamba Star Trek ingerudi. Nusu ya hadithi huishia hapo, kwa shangwe.

Nusu ya pili ni chungu zaidi. Kipindi kilirudi kikiwa kimepangwa Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana waliokipenda walikuwa wametoka kwenda kujiburudisha. Bajeti ilikatwa. Mwaka 1969 kikafutwa, na safari hii hakuna barua iliyosaidia. Wako pia wanaosema kwamba NBC haikuwa imeamua kabisa kukikata mwaka 1968, kwa hiyo huenda barua zilifungua mlango ambao haukuwa umefungwa kwa kufuli. Nani anaweza kuapa? Hii ndiyo shida kubwa ya mada hii nzima: mlango ukifunguka baada ya kubisha, aliyebisha huamini kuwa ni yeye.

Hata hivyo mimi nasimama upande wa wale waandika barua, kwa sababu ya hesabu moja ambayo wao wenyewe pengine hawakuifikiria. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa na vipindi 55. Msimu wa tatu, ule uliodharauliwa, uliongeza 24, vikawa 79. Stesheni ndogo zinazonunua vipindi vya zamani ili kuvirudia kila siku jioni zinahitaji akiba kubwa, la sivyo vinaisha kabla watazamaji hawajazoea. Vipindi 55 ni haba. Vipindi 79 viliuzika. Ni katika marudio hayo ya miaka ya 1970 ndipo Star Trek ilipopata umati wake mkubwa, na Desemba 1979 ikawa filamu. Kwa hiyo barua zilishindwa kukiokoa kipindi pale NBC, lakini zilimpa mwenye shamba mavuno ya kutosha kupeleka sokoni. Ushindi ulikuja miaka 10 baadaye, kwa mlango wa nyuma.

Barua zile hunikumbusha marehemu baba yangu, aliyekuwa mtu wa salamu. Alinunua kadi za salamu za redio pale Luanda ya Vihiga, akazijaza kwa mkono kwa herufi kubwa, akitaja rafiki zake kuanzia Busia hadi Kitale, akazituma Nairobi. Jina lake likisomwa, redio iliongezwa sauti mpaka jirani ajue. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipong'amua kitu: kadi ile ilikuwa imelipiwa. Redio haikuhitaji kumtuma mtu vijijini kuuliza kama kipindi cha salamu kinasikilizwa. Rundo la kadi lilikuwa sauti ya wasikilizaji, na papo hapo lilikuwa hesabu yao na fedha yao. Vitu vitatu katika bahasha moja.

Nimebeba picha hiyo ya kadi kila nikisoma habari za kampeni za mashabiki, na sijaona kipimo kinachonisaidia zaidi. Kampeni nyingi huwa na sauti. Chache huwa na hesabu. Zenye fedha ni chache zaidi.

Chukua Jericho. CBS ilikifuta kipindi hicho Mei 2007 baada ya msimu mmoja. Katika sehemu ya mwisho mhusika mkuu alikataa kusalimu amri kwa kutamka neno ambalo kwa Kiingereza lina maana pia ya njugu, jibu lilelile ambalo jenerali wa Marekani aliwapa Wajerumani huko Bastogne mwaka 1944. Mashabiki wakaanza kununua njugu na kuzituma CBS. Zilifika pauni zaidi ya 40,000, yaani takriban kilo 18,000. Kwa magunia yetu ya kilo 90, hayo ni magunia 200. Mtu yeyote aliyewahi kuona lori la njugu likipakuliwa sokoni anajua huo ni mzigo wa aina gani kushushwa mlangoni mwa ofisi. Njugu nyingi ziligawiwa mashirika ya misaada, na Juni 2007 CBS ikasalimu amri: ikaagiza vipindi saba zaidi.

Lakini mkuu wa burudani wa CBS, Nina Tassler, katika barua yake ya kuwatangazia habari njema, aliwaomba mashabiki mambo mawili: waache kutuma njugu, na walete watazamaji wapya. Ombi la pili ndilo lililokuwa na uzito. Nielsen, kampuni inayohesabu watazamaji Marekani, haipimi njugu. Wakati ule ilichagua familia kuwa sampuli, ikafuatilia runinga zao, halafu ikakadiria taifa zima kwa hizo chache. Kama nyumba yako haikuwemo katika sampuli, ungeweza kukipenda kipindi hadi uugue na daftari lisisogee hata nukta. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji. Vipindi saba vilirushwa Februari na Machi 2008, watazamaji wakawa pungufu ya wale wa kwanza, na Jericho ikakatwa mara ya pili.

Miaka miwili baada ya zile njugu, mashabiki wa Chuck, kipindi cha NBC, walionyesha kwamba walikuwa wameliona tatizo hilo. Badala ya kutuma kitu kwa stesheni, walikwenda kwa mtangazaji wa biashara. Siku ya kipindi cha mwisho cha msimu, Aprili 2009, waliingia katika migahawa ya Subway, kampuni iliyokuwa ikitangaza ndani ya kipindi hicho, wakanunua mikate na kuacha ujumbe kwamba wameinunua kwa ajili ya Chuck. Mwigizaji wake mkuu, Zachary Levi, aliongoza kundi la mashabiki kwenye mgahawa mmoja Birmingham, Uingereza. NBC ilikirudisha kipindi, na Subway ikaingia mkataba wa kukidhamini. Chuck kiliendelea hadi Januari 2012. Hiyo ndiyo kadi ya salamu ya baba yangu: sauti, hesabu na fedha pamoja. Nasema bila kusita kwamba katika kampeni zote ninazozijua, hii ndiyo iliyofikiriwa vizuri kuliko nyingine.

Sasa tuje kwenye ile hadithi inayowapa watu matumaini yasiyo na msingi. Tarehe 10 Mei 2018 Fox ilikata Brooklyn Nine-Nine. Intaneti ikawaka, watu maarufu wakalalamika, na baada ya saa 31 hivi NBC ikatangaza kwamba inakichukua. Ukisoma haraka utadhani mtandao uliiokoa tamthilia kwa siku moja na ushei. Uliza kwanza shamba lilikuwa la nani. Kipindi kilitengenezwa na Universal Television, na Universal Television na NBC ni watoto wa mama mmoja. Fox ilikuwa mkodi wa nje. Alipoondoka, mwenye shamba aliingia kulima mwenyewe, na kila kipindi kilichoongezwa kiliongeza thamani ya mali yake. Sidai kelele hazikusaidia. Ziliwahakikishia wenye nyumba kwamba habari ya kukichukua ingepokewa kwa shangwe, jambo ambalo kwa kawaida hulipiwa kwa matangazo. Ila kelele zilezile zikipigwa kwa kipindi ambacho mwenyewe hana stesheni, zinaweza kuzimika bila jibu.

Kipindi kama hicho kilikuwepo mwezi uleule. The Expanse, kilichokatwa na stesheni ya Syfy, kilikuwa mali ya kampuni ya Alcon, isiyo na stesheni. Mashabiki walikodi ndege iliyovuta bango juu ya ofisi za Amazon. Tarehe 25 Mei 2018 Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon na mkuu wake wakati huo, alisimama katika mkutano wa mambo ya anga za juu, baadhi ya waigizaji wakiwa ukumbini, akatangaza kwamba kipindi kimepona. Kilipata misimu mitatu zaidi. Hapa sikio moja lilitosha, lakini lilikuwa sikio la mtu anayeweza kutoa fedha bila kumwomba mtu ruhusa. Ukitaka kujua mbona kampeni hii haikuweza kuigwa na wengine, hiyo ndiyo sababu.

Na mwaka 2021 ikaja Manifest, ambayo kwangu ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. NBC iliikata Juni baada ya misimu mitatu. Siku chache kabla ya hapo misimu miwili ya kwanza ilikuwa imeingia Netflix, na watu waliokuwa hawajawahi kuisikia wakaanza kuitazama mfululizo. Ilikaa kileleni mwa orodha ya Netflix Marekani kwa wiki kadhaa. Mwanzoni Netflix nayo haikuitaka. Kisha Agosti ikaagiza msimu wa nne na wa mwisho wa vipindi 20, na ikatangaza habari hiyo tarehe 28, kwa heshima ya ndege ya hadithi hiyo yenye nambari 828. Mashabiki walikuwa wamepiga kelele tangu Juni. Kilichobadilika kati ya Juni na Agosti ni kwamba mnunuzi aliiona hesabu ndani ya daftari lake mwenyewe. Kubonyeza na kutazama hadi mwisho kulifanya kazi ambayo saini hazikuifanya.

Kwa mizani hiyo, mgogoro wa Mwalimu na kijana wa muvi unaanza kufunguka. Sense8 ilikuwa ghali mno. Ilirekodiwa katika miji ya mabara mbalimbali, Nairobi ikiwemo, ambako Capheus huendesha matatu iliyopakwa sura ya Jean-Claude Van Damme. Nadhani hiyo ndiyo sababu wengi wetu huku tuliipenda: kwa mara moja matatu yetu ilikuwa katikati ya hadithi ya dunia. Netflix iliikata tarehe 1 Juni 2017, ikieleza kwamba wapenzi wake walikuwa na moyo lakini hawakufikia idadi ya kubeba gharama. Mashabiki walipolalamika iliwajibu kwamba haiwezekani. Kabla ya mwezi kwisha ikageuka, ikakubali kipindi kimoja cha kumalizia, kilichotoka Juni 2018. Angalia walichopewa. Msimu mwingine ungekuwa deni jipya. Kipindi kimoja kilikuwa gharama ya mara moja, na kiliiacha tamthilia ikiwa na mwisho, kitu ambacho mteja mpya anaweza kukianza bila kuogopa kukatishwa. Kelele za mashabiki zilipata kile ambacho mwenye fedha angeweza kukitoa bila kuumia.

The OA ilikuwa imepangwa kuwa ya misimu mitano, na ilikatwa Agosti 2019 baada ya misimu miwili. Wapenzi wake waliweka bango Times Square, na mmoja wao alisusia chakula nje ya ofisi ya Netflix. Sijui kampeni iliyofanywa kwa moyo zaidi ya hiyo, na inanisikitisha hadi leo. Lakini misimu mitatu iliyobaki haiwezi kufungwa katika saa mbili. Kilichoombwa kilikuwa kikubwa, na mwenye shamba ndiye aliyekuwa pia mkodi, kwa hiyo hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Swali linalonigusa zaidi ni letu. Sisi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru tunaweza kusukuma chochote? Kuhusu tamthilia za kigeni za mapenzi zinazotiwa sauti kwa lugha nyingine, nyingi huwa zimekamilika kabla hazijafika Kenya. Hakuna wa kumshawishi aandike mwisho mwingine. Stesheni ikizikatiza katikati, huo ni uamuzi wa Nairobi, na hapo simu na barua zetu zina maana, hasa zikimfikia yule anayelipia dakika za matangazo kati ya sehemu moja na nyingine. Mwenye kuuza sabuni anataka kujua kwamba Kondele nzima huwa mbele ya runinga saa ile. Tamthilia ya Maria ya runinga ya Citizen ilipomalizika mwaka 2021, Zora ilishika saa yake, kutoka kampuni ileile ya Jiffy Pictures. Watu walikuwa wamezoea kukaa hapo saa hiyo, na saa yenye watu ni mali ambayo stesheni haiwezi kuiacha tupu. Hakuna aliyehitaji kutia saini.

Na kuna vipindi ambavyo havina wa kuombwa. Charles Bukeko, aliyeigiza Papa, alipofariki Julai 2020 na kuzikwa kwao Busia, Papa Shirandula ilikwenda naye. Mama yangu hadi leo hulitaja jina la Papa kana kwamba ni jirani aliyehama.

Lakini liko jambo gumu zaidi, na lazima niliseme nikiwa nimesimama mle mle dukani. Mwalimu ametazama misimu miwili ya Sense8, na pengine saa zote zile hazikuandikwa popote. Flashi haina daftari. Nakala anayoinunua si halali, na mimi pia nimezinunua. Najua sababu zetu: bando ni ghali, stima hupotea, kadi ya benki ya kulipia huduma za nje wengi hawana. Matokeo yake ni kwamba mji mzima unaweza kuipenda tamthilia na mwenye tamthilia asijue kwamba mji huo upo. Netflix iliwahi kuifungulia Kenya mpango wa bure wa simu kuanzia Septemba 2021, ikaufunga Novemba 2023. Watu walitazama kweli na walihesabika, lakini hesabu bila fedha haikutosha kuuweka hai. Saini ya Mwalimu kwenye ombi la mtandaoni huonekana kama saini nyingine yoyote, ila nyuma yake hakuna mstari wa malipo unaoweza kusomwa na mtu wa mahesabu kule Marekani.

Wiki iliyofuata nilimkuta tena. Mjukuu wake alikuwa amemtumia ombi jingine la kutia saini, la tamthilia nyingine iliyokatwa, na alitaka ushauri.

"Mwanangu, wewe unayesoma haya mambo, nitie saini au ni kazi bure?"

Nikamwomba kijana aicheze sehemu ya mwisho kwenye kompyuta yake, aisogeze hadi pale ambapo watu wote huzima. Majina yakapanda: wapishi, madereva, mafundi wa taa. Mwisho kabisa ikatokea nembo ya kampuni, na haikuwa ya stesheni iliyokata.

"Huyu ndiye mwenye shamba?" akauliza.

"Ndiye, Mwalimu."

Akavaa miwani, akatoa bahasha kuukuu mkobani, akamwambia kijana asimamishe hapo hapo, kisha akaanza kulinakili jina lile herufi kwa herufi.